Riwaya ya ukoo mmoja, vizazi vitatu: mbona Zanzibar hatuna yetu ya Kiswahili?

ShuwariMalindi
Assalaam alaykum wanajukwaa. Jana nimemaliza Desertion ya Abdulrazak Gurnah, ile ya mwaka 2005, na mpaka sasa sijakaa sawa. Kinaanza 1899, mji mdogo wa pwani huko Kenya, kaskazini ya Mombasa. Hassanali mwenye duka anatoka alfajiri kwenda kuadhini, anamwona Mzungu anajikokota gizani, anadondoka mbele yake. Anamchukua nyumbani, na nyumbani yuko dadake, Rehana, aliyeachwa kwenye mataa na mume aliyesafiri asirudi. Basi baina yake na yule Mzungu mambo yakaenda yakaja. Halafu unafungua sehemu nyengine uko Unguja miaka ya 1950, kuna Amin na Rashid na dada yao Farida, Amin kampenda mwanamke anaitwa Jamila, na Jamila ni mjukuu wa Rehana.

Nilipofika hapo nilirudi kusoma upya sura za mwanzo. Utamu wa vitabu vya namna hii, kwangu mimi, ndio huo: msomaji anajua asichokijua mjukuu. Mtaa mzima unamsengenya Jamila kwa jambo la bibi yake ambalo hakuna aliyeliona, na mimi niliyekaa na kitabu kitandani ndiye shahidi pekee.

Sasa swali. Kwa nini hatuna kitabu kama hicho kwa Kiswahili? Ukoo mmoja wa hapa hapa, uanze na karafuu, upite vita, upite Mapinduzi, ufike kwa vijana wa leo. Waandishi tunao. Historia tunayo mpaka inatushinda kubeba. Tatizo ni nini?

KonyoLaWawi
Wa alaykum salaam. Tatizo ni dogo tu yakhe. Mwandishi akianza na babu wa babu, kabla hajafika sura ya tatu jamaa wako mlangoni wanauliza umepata wapi ruhusa.

bintmkunazini
Ahsante sana ndugu Shuwari kwa kututobolea hadithi nzima. Mie ndio kwanza Mzungu kaanguka.

ShuwariMalindi
Samahani dada. Lakini Jamila kuwa mjukuu hakukuharibii kitu, wallahi.

bintmkunazini
Kumeniharibia. Endeleeni tu.

DukaLaVitabu
Mimi nauza vitabu hapa mjini, kwa hiyo nitasema ninachokiona kaunta. Riwaya ya Kiswahili inayotoka ni ile iliyowekwa kwenye mtaala wa skuli. Ikitolewa kwenye mtaala, inalala. Na mchapishaji anajua hivo, kwa hiyo anamwambia mwandishi kata, kata, ibaki kurasa mia na hamsini, mzazi asilalamike bei. Vizazi vitatu havikai kwenye kurasa mia na hamsini. Unaweza kuwataja majina tu basi wakaisha. Ukitaka ukoo, unahitaji mahala pa kuzaa, kuoa, kugombana na kuzika, na hayo yote ni karatasi, na karatasi ni pesa.

AzhariMmoja
Hapo DukaLaVitabu sikubaliani nawe. Nilisoma Misri, na wenzetu wa kule habari ya unene haikuwashinda. Naguib Mahfouz aliandika ile hadithi ya familia ya Al-Sayyid Ahmad Abd al-Jawad kama kitu kimoja kikubwa, mchapishaji akaona mzigo, ikatolewa vitabu vitatu mwaka 1956 na 1957. Inaanza 1917, Waingereza wako Cairo, inakwenda mpaka Vita vya Pili. Baba mkali nyumbani hata mke hatoki nje, usiku yeye mwenyewe yuko kwenye ngoma na wanawake. Mtoto wake anakufa kwenye maandamano ya 1919. Wajukuu, mmoja anatoka Ikhwani (Ndugu wa Kiislamu), mwengine mkomunisti, ndugu wa damu! Nimekaa Cairo miaka na nikwambie, nilipokuwa napita ile mitaa nilikuwa namtafuta yule baba, kama mtu aliyewahi kuwepo.

Kwa hiyo unene unagawika. Kinachokosekana ni kitu chengine.

DukaLaVitabu
Misri wasomaji wangapi sheikh, na sisi wangapi? Njoo ukae kaunta kwangu siku moja tu.

Mwalimu_Mstaafu
Salaam. Kwanza tusiseme hatuna kabisa, tutawadhulumu watu. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1976, ina baba, ina binti aliyetupwa na baba yake, ina shamba la urithi. Hayo ni mambo ya ukoo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, 1999, inakupa Unguja ya miaka ya 1950 mpaka unasikia harufu ya uchochoro. Ila mtaona kitu: kila mmoja kachukua kizazi kimoja akakikaba. Said Ahmed Mohamed ndiye aliyeleta babu na mjukuu wakakaa pamoja, kwenye Babu Alipofufuka ya 2001, na ilibidi babu mwenyewe atoke kaburini.

Sababu yangu mimi ni hii. Ukoo wa Zanzibar ukiandikwa kuanzia nyuma kuja mbele lazima upite Januari 1964, Mapinduzi. Huwezi kuuruka. Na pale ndipo kila nyumba ina toleo lake, na matoleo hayo hayakai meza moja. Mwandishi wa kizazi kimoja anaweza kuishia 1963 au kuanzia 1965. Mwandishi wa vizazi vitatu hana pa kujificha.

KonyoLaWawi
Maalim umemaliza. Tufunge uzi.

Mgeni_wa_Bara
Msifunge, nami nimo. Maalim, heshima yako, lakini Uganda nao wamepita mambo mazito, na Jennifer Nansubuga Makumbi akaandika Kintu mwaka 2014. Inaanza 1750, laana inaingia kwenye ukoo, inatembea mpaka 2004. Idi Amin yumo, vita vimo, ukimwi umo. Kwa hiyo uchungu wa historia peke yake hauzuii kitabu. Pengine Wazanzibari mnapenda tu siri.

bintmkunazini
Sisi tunapenda siri? Sisi? Mgeni, hujawahi kukaa ukumbi wa harusi upande wa kinamama.

Ngalawa_72
Nichangie kisa changu. Upande wa baba tulikuwa na mashamba makubwa ya karafuu Unguja, shajara yetu ya nasaba ina hayo. Kilichotumaliza ni kimbunga cha 1876 kilichong'oa mikarafuu yote Unguja na Pemba. Hicho tu ni riwaya nzima, sura ya kwanza mti unang'oka.

Mwalimu_Mstaafu
Ngalawa, kimbunga ni cha 1872, mwezi wa Aprili. Na Pemba haikupigwa kama Unguja. Ndio sababu baada ya hapo Pemba ikatangulia kwa karafuu mpaka leo. Wenye mali wa Unguja waliobakiwa na kitu wakaelekea huko.

KonyoLaWawi
Jina lako lenyewe lina 72 na mwaka umekushinda 😂

Ngalawa_72
72 ni mwaka niliozaliwa. Na kwetu tunasema kimbunga ni kimbunga, mwaka kautie mwalimu.

NyotaNjema
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nyote mnazungumzia ukoo ambao shajara yake inapanda vizuri, bin fulani bin fulani. Kwetu inapanda mpaka kwa bibi mmoja halafu inakatika. Huyo bibi hana baba kwenye karatasi yoyote. Tunajua alikuwa nyumba gani, tunajua alikuwa akipika nini, hatujui alitoka wapi. Utumwa hapa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897, lakini masuria waliwekwa kando, wakangoja mpaka 1909. Miaka kumi na mbili hiyo mnaipita kwa haraka kwa sababu kwenye vitabu vya skuli ni mstari mmoja. Bibi yangu mkuu aliishi ndani yake.

Ndio maana mimi napenda riwaya za vizazi kuliko historia. Mwanahistoria akifika kwa bibi yangu anasimama, hana waraka. Mtunzi anaweza kumpa baba, kijiji, na wimbo aliokuwa akiimba kabla hajapanda jahazi. Uongo, najua. Naupokea.

Na kuhusu kwa nini hazijaandikwa: kwa sababu nusu ya koo za mji huu zikianza kuandikwa kwa ukweli, zitaandikwa na wajukuu wa jikoni, sio wa sebuleni. Wa sebuleni wana shajara tayari, hawahitaji riwaya.

ShuwariMalindi
NyotaNjema, hapo nimenyamaza.

KonyoLaWawi
Mimi sinyamazi, ila nitaacha mzaha kidogo. Kwetu Pemba zipo, ila hazijaandikwa. Msimu wa karafuu, mchana watu wako juu ya mti, usiku mnakaa kuchambua, karafuu huku makonyo huku, na huwezi kuchambua mdomo umefunga. Hapo ndipo nilipozijua khabari zote za kwetu. Nani kampa nani shamba, nani kamnyima, nani alikimbilia Tanga na kwa nini. Bibi alikuwa akisimulia kwa mtiririko, lakini akiingia jirani fulani anahamia kwenye bei ya karafuu, bila kuvuta pumzi. Jirani akitoka anarudi pale pale alipoachia. Sisi watoto tulijua kuna kitu baina ya bibi na jirani. Kitu chenyewe sikukijua mpaka nimeoa.

Na mti wenyewe ndio mhusika. Mkarafuu unapandwa na mtu, unachumwa na mjukuu wake, aliyeupanda keshasahaulika sura. Baada ya Mapinduzi mashamba yakagaiwa eka tatu tatu, mwenye shamba akawa mwengine, lakini kuna kipande kule kwetu mpaka leo watu wanakiita kwa jina la yule wa zamani, pamoja na wajukuu wa aliyegaiwa. Wanaliita hivo hivo, bila hata kufikiri.

Kwa hiyo mimi nasema sababu si woga wala karatasi. Ni kwamba hadithi hizi zina wasikilizaji wake. Ukiziandika, jirani naye atasoma.

AzhariMmoja
Hii ndiyo sura ya kwanza Konyo. Iandike hivyo hivyo.

KonyoLaWawi
Na jirani?

bintmkunazini
Nami nina nadharia yangu, msinicheke. Riwaya hizi zinahitaji nyumba. Soma yoyote, kuna nyumba moja ambayo watu wanazaliwa na kufia ndani, na ngazi ile ile, na dirisha lile lile. AzhariMmoja atakuwa shahidi, hata huyo wa Cairo mke wake alikuwa akichungulia dirishani miaka nenda miaka rudi. Sasa hapa kwetu nyumba hazikai na ukoo. Mtu akifa, mirathi, warithi kumi na saba, mmoja yuko Muscat, mmoja Dubai, mmoja hataki kuuza, mmoja kashauza fungu lake. Nyengine zilichukuliwa baada ya 1964, wakatiwa watu wengine. Nyengine sasa hoteli, unakwenda kunywa juisi kwenye chumba alichozaliwa mama yako na unalipia. Utaandika vipi ukoo ambao hauna mlango?

Mgeni_wa_Bara
Lakini dada, kupotea kwa nyumba si ndio hadithi yenyewe?

bintmkunazini
Kwa msomaji, ndio. Kwa mwenye kuipoteza, anataka kwanza ufunguo.

Mwalimu_Mstaafu
Nyumba ya bintmkunazini inanikumbusha ukoo mmoja ambao nyumba zake zote tunazijua: wa masultani. Sayyid Said alifariki 1856. Baada yake wakatawala wanawe wanne, mmoja baada ya mwengine: Majid, Barghash, Khalifa, Ali. Ndugu wanne, miaka thelathini na saba, ndipo kiti kikaingia kwa mjukuu, Hamad bin Thuwaini, 1893. Na katikati yake yuko dada yao Salme, aliyezaliwa kwenye kasri la Mtoni 1844, akaondoka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akachapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani 1886. Anaeleza Mtoni, anaeleza ugomvi wa kaka zake na jinsi yeye alivyojiingiza upande wa Barghash. Si riwaya, ni maisha yake, lakini mwenye njaa ya riwaya ya ukoo aanzie pale.

Ngalawa_72
Halafu mwaka 1896 mjukuu mwengine, Khalid bin Barghash, akajitia mwenyewe kwenye kiti, Waingereza wakapiga mizinga. Vita vya dakika 45.

DukaLaVitabu
38.

Ngalawa_72
45.

Mwalimu_Mstaafu
Zote zimo vitabuni, tarehe 27 Agosti, saa tatu asubuhi na kitu. Dakika mnaweza kugombania. Mwaka safari hii umepata.

KonyoLaWawi
Maalim mkarimu leo.

AzhariMmoja
Tukiwa hapo kwa masultani: kuna tatizo jengine la kiufundi hakuna aliyeligusa. Majina. Sisi mtoto anapewa jina la babu. Kwa hiyo una Khalifa bin Said aliyekufa 1890, halafu una Khalifa bin Harub aliyetawala 1911 mpaka 1960, na wanafunzi wanawachanganya kila mtihani. Riwaya ya kwetu itakuwa na Said mwana wa Ali mwana wa Said mwana wa Ali, msomaji atatupa kitabu. Gabriel García Márquez kule Colombia alilifanyia mchezo kusudi, kanali mmoja ana watoto wa kiume kumi na saba na wote wanaitwa Aureliano. Lakini yule alikuwa akitania.

NyotaNjema
Tunatumia lakabu. Kwetu kuna Said Mrefu, Said Bakuli na Said wa Mkanyageni. Hajawahi kuchanganya mtu.

bintmkunazini
Said Bakuli 😂😂 Huyo nataka kitabu chake peke yake.

NyotaNjema
Khabari ya bakuli siiweki hapa, wanawe wamo humu jukwaani.

KonyoLaWawi
Mnaona sasa? Nilisema nini mwanzo?

Ngalawa_72
Mimi nachora mti wa ukoo nyuma ya jalada kwa penseli kila nikisoma kitabu cha namna hii. Nilimwazima mtu kitabu, kikarudi mti umeongezwa matawi kwa peni nyekundu, na vifo vimetiwa alama kabla sijafika.

DukaLaVitabu
Bora kilirudi.

Mgeni_wa_Bara
Turudi kwenye hoja. Nionavyo, wanaoandika hizi hadithi ndefu za pwani wanaandika Kiingereza na wako Ulaya. Gurnah kapewa Nobel 2021 kwa hiyo hiyo Desertion. Mtu akipata msomaji wa dunia nzima, kwa nini aandikie kaunta ya DukaLaVitabu?

ShuwariMalindi
Nobel haitolewi kwa kitabu kimoja ndugu yangu, walimpa kwa kazi zake zote. Kama unataka kilichomtangaza kabla, ni Paradise ya 1994, iliingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Na hiyo sasa iko kwa Kiswahili, Peponi, kaifasiri Ida Hadjivayanis, wametoa Mkuki na Nyota 2022. Kwa hiyo kaunta ya Duka imefikiwa.

DukaLaVitabu
Imefikiwa na imeuzika. Walionunua wengi ni watu wazima, na hao kwa kawaida hawanunui riwaya. Wanakuja wanauliza "kile cha mtoto wa Unguja". Hilo nalikiri, linanivurugia nadharia yangu kidogo.

Mgeni_wa_Bara
Sawa, lakini bado kaandika Kiingereza. Na yeye kaondoka hapa kijana. Labda ni umbali. Aliyeko hapa hapa hawezi kuuona ukoo mzima, anaona ndugu anaokutana nao sokoni kila siku.

Mwalimu_Mstaafu
Adam Shafi na Said Ahmed nao wamewahi kuishi nje, na wameandika Kiswahili, na hawakuandika vizazi vitatu. Kwa hiyo umbali haueleweshi kitu.

NyotaNjema
Kitu nilichokipenda zaidi kwenye Desertion, na Shuwari hukukitaja (bint, ruka hapa): wazazi wa Amin ni walimu wote wawili, na wao wenyewe walipokuwa vijana waliwapinga wakubwa zao ili wasome. Watu wa maendeleo. Halafu mtoto wao akampenda mjukuu wa Rehana, na wao hao hao wakamziba njia. Mama mtu alimfanya aahidi. Sikumchukia yule mama, na hilo ndilo lililoniuma. Kitabu cha kizazi kimoja kingemfanya mama mkwe mbaya wa sinema. Hapa ushamjua tangu ujana wake, unajua anaogopa nini.

bintmkunazini
Nimesoma. Nimeshindwa kuruka.

AzhariMmoja
Tabia yetu sote hiyo. Sasa tuulizane kwa vitendo: ikiwa mtu humu ataanza, aanzie wapi? Mimi nasema 1872, Aprili, kimbunga.

Mwalimu_Mstaafu
1897. Mtu anakwenda mahakamani kudai uhuru wake, karani anamuuliza jina la baba.

KonyoLaWawi
Mimi aanzie juu ya mkarafuu na ashuke polepole.

Ngalawa_72
Aanze leo arudi nyuma. Mjukuu kafungua hoteli kwenye nyumba ya watu.

bintmkunazini
Huyo mwenye hoteli akisoma utamwambia nini?

Ngalawa_72
Hasomi huyo.

KonyoLaWawi
DukaLaVitabu, una Peponi imebaki? Nitumie kwa boti ya Jumamosi, mtu atapokea Mkoani.

DukaLaVitabu
Ipo moja. Lakini lipa kwanza, Wapemba nakujueni.

KonyoLaWawi
Natuma pesa sasa hivi. Na usichore mti nyuma.